Mwaka Tulioshuka Ziwani kwa Baiskeli

Tulimzika Kabula mwezi uliopita hapa Kawajense, na kijana aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, na cheko likanitoka kabla sijaliziba kwa kanga. Mkwewe akanigeukia, "Mama Neema, vipi tena?" Nikamwambia, "Huyo anayesomwa pale simjui. Mimi nimekuja kumzika Kabula." Wakadhani ni uchungu umenipanda kichwani, wakaniletea maji. Haukuwa uchungu, ilikuwa hasira. Kabula niliyemfahamu mimi aliwajibu watu vibaya karibu kila siku ya Mungu, na waliojibiwa walistahili. Sasa watu wa umri wetu tunapungua, na vijana wanatuandikia upole ambao hatukuwa nao, kana kwamba mwanamke hawezi kuingia kaburini mpaka kwanza ashushwe sauti. Sikubali. Nitauandika hapa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, kama ulivyokuwa. Atakayeona aibu aone yeye.

Mwaka huo mimi na Kabula tulikuwa tunapika na kugawa chakula katika hoteli ya Mama Jeni, karibu na stesheni ya reli ya Mpanda. Ilikuwa hoteli kwa jina tu. Chumba kimoja kirefu cha matofali ya kuchoma, kuta bluu chini na nyeupe juu, mabenchi yaliyolalia upande, meza zenye plastiki ya maua iliyoungua duara duara mahali tulipotua sufuria. Jikoni kulikuwa nyuma, chini ya bati lililotoboka, na moshi ulipokosa pa kutokea ulipita katikati ya wateja nao wakala huku wanafikicha macho. Tulipika ugali wa muhogo, maharage, kisamvu, na juu ya vyote migebuka, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, tuliowalowanisha asubuhi na kuwaunga kwa nyanya na mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa barabara. Treni ya Tabora ikiingia, abiria walijaa mpaka nje. Siku ambazo hakuna treni, chumba kilikuwa cha watu wa baiskeli.

Watu wa baiskeli ndio waliotuletea hao samaki. Walikuwa wanaume wa kundi moja, waliokwenda mpaka Ikola na Karema kando ya ziwa, wakarudi na matenga yamefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, marefu kupita vichwa vyao. Wakifika waliegemeza baiskeli ukutani, chumba kizima kikanuka samaki, grisi na jasho, wakala kama watu waliotoka vitani, kisha wakaanza kusimulia. Sisi tulipita katikati yao na sahani, tukasikia yote. Kabla sijaikanyaga barabara ile nilikuwa naijua kwa masikio: wapi kuna mchanga unaomeza tairi, wapi mbung'o wanang'ata mpaka juu ya shati, wapi pana kisima, kijiji gani wanakaribisha na kijiji gani wanafunga milango. Zaidi ya yote niliujua mlima. Waliuita Kata Pumzi. Ndio uliosimama kati ya nchi yetu ya miti na nchi ya ziwa, na kila mzigo wa samaki tuliokula Mpanda ulipita mgongoni mwake.

Msimulizi mkuu alikuwa Deusi, kiongozi wao, mwanamume wa kifua kipana aliyependa kuitwa Injini. "Pale Kata Pumzi," alikuwa akisema, akiwa ameinua tonge hewani ili watu wasubiri, "ukishuka tu kwenye baiskeli umekwisha. Huinuki tena. Mimi sijawahi kushuka. Nakanyaga toka chini mpaka juu na mzigo wangu, na mluzi napiga." Wenzake walitikisa vichwa. Vijana wa mjini waliokuja kusikiliza tu walimnunulia chai. Mimi nilizaliwa na kukulia Mpanda, nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nilikula samaki wa ziwa karibu kila siku, na ziwa lenyewe sikuwahi kuliona. Siku moja nikiwa namnawisha mikono nikamuuliza, "Kaka Deusi, ziwa linaanza kuonekana ukifika wapi?"

"Unataka kulijua la nini?"

"Nataka kwenda kuliona."

Akaangalia wenzake kwanza, maana mtu wa namna ile hacheki mpaka ahesabu nani atacheka naye. "Dada," akasema, "mlima ule haupandwi na gauni."

Walicheka mpaka benchi moja likainama. Kabula alikuwa anatoka jikoni na sinia la ugali. Alilitua mezani polepole, akafuta mikono. "Kwani gauni ndilo linalokanyaga pedali?" akauliza. Hakungoja jibu, alirudi jikoni, nami nikamfuata. "Tunakwenda," akaniambia huku anachochea moto. "Bhebhe na mimi. Mvua zikikatika." Alikuwa Msukuma, na alipokuwa anamaanisha jambo kweli aliacha kuniita wewe akaniita bhebhe. Kwao walikuwa na ng'ombe nje ya mji, na baiskeli ilikuwa kama ng'ombe wa maksai, yeyote anayeiweza ndiye anayeichukua. Tangu utotoni alikuwa akipeleka mahindi mashineni kwa baiskeli ya kaka yake. Mimi sikujua hata kuisukuma bila kugonga kisigino.

Alinifundisha jioni, uwanja wa ndege, maana ndege zilikuja mara chache na ardhi ilikuwa tambarare. Baiskeli ilikuwa ya mume wangu. Gaspari alikuwa amekwenda porini Ugalla kurina asali na wenzake, na alipokuwa huko miezi ile baiskeli yake ilikaa chumbani kwetu imefunikwa shuka, safi kuliko kitanda. Nilianguka upande wa kulia nikaanguka na wa kushoto. Nilichunika magoti, kiwiko, na kidevu. Kabula alikimbia nyuma yangu ameshika keria akipiga kelele, "Usiangalie tairi! Tairi linajua linakokwenda! Angalia mbele!" Watu waliotoka mashambani walisimama kutazama, akina mama wengine wakaziba midomo, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ndiyo dunia ya mwisho. Jioni ile ya mwisho wa dunia ndiyo niliyofika mwisho wa uwanja bila kushikwa. Nilipogeuka nikamwona Kabula kule mbali, mdogo, amekaa chini anajipigapiga mapaja kwa furaha, nikaelewa kwamba alikuwa ameniachia muda mrefu.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Wifi yangu Adela, dada yake Gaspari, alikuwa amenisubiri sebuleni, amekaa kwenye kigoda na mkoba wake mapajani, hakutaka hata chai. "Wifi," akaanza, "mimi sina ugomvi. Lakini hujui kwamba baiskeli inaua kizazi? Miaka mitatu uko kwa kaka yangu, mtoto hajaonekana, halafu unakwenda kujikalisha juu ya chuma?"

"Miaka mitatu yote hiyo sikuwa kwenye baiskeli, wifi," nikamwambia. "Hebu nieleze kabla ya baiskeli kizazi changu kiliuliwa na nini."

Alinyanyuka akaondoka. Niseme hapa hapa, nisije nikasahau: kizazi changu kilikuwa kizima. Nina watoto watatu, si wa Gaspari, na mimba zao zote nilikwenda nazo kwa baiskeli mpaka tumbo lilipogusa usukani. Wakati ule sikuwa na ushahidi huo. Nilikuwa na mdomo tu, na usiku ule niliutumia kidogo kisha nikalala na magoti yangu yanawaka.

Mvua zilipokatika tukamwomba ruhusa Mama Jeni. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyepoteza neno. Alitutazama juu mpaka chini, Kabula na kaptula ya kaka yake ndani ya sketi, mimi na suruali ya Gaspari niliyoikunja mara mbili. "Nendeni," akasema. "Mkifa, msinitumie mtu." Kisha akatukabidhi kifurushi cha mihogo ya kuchemsha na chumvi.

Tulitoka na alfajiri. Mpaka Kabungu watu walituamkia kwa mshangao, wengine wakatuuliza kama kuna msiba. Baada ya hapo nyumba zikapungua, barabara ikaingia kwenye miti. Majani yalikuwa bado marefu, yamefunga njia pande zote mbili, na umande ulitulowesha mpaka mapajani. Nilijifunza siku ile kwamba kusikia barabara na kuipita ni vitu viwili. Mchanga ulinishika nikaanguka. Mbung'o walinifuata kama wadai. Makalio yaliniuma kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuisimulia pale hotelini. Lakini pia hawakusimulia jinsi nchi inavyoanza kuinuka bila kukuambia, ukadhani umechoka kumbe unapanda. Jinsi vilima vinavyojipanga, kimoja nyuma ya kingine, cha karibu kijani, cha nyuma yake bluu, cha mwisho kama moshi. Jinsi kuna mahali ukikanyaga kidogo tu baiskeli inateleza yenyewe katikati ya miti yenye majani mabichi, upepo unaingia shingoni, na huna mume, huna wifi, huna sahani za kuosha. Niliimba. Kabula akaniambia nina sauti mbaya, na yeye akaimba kwa Kisukuma, mbaya zaidi.

Tulilala kijijini kwa mama mmoja aliyetupa jamvi na uji wa ulezi, na kesho yake tukaendelea. Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika juu ya Kata Pumzi. Kwanza sikujua ninachokiona. Kati ya vilima viwili palikuwa na kitu cha bluu kimesimama wima kama ukuta, maana ukilitazama ziwa kutoka juu halilali, linasimama. Nikauliza, "Ile nini?" Kabula naye hakujua, kwa sababu na yeye hakuwahi kuliona. Mbali kabisa, upande wa pili, palikuwa na milima ya Zaire, kama tulivyoiita siku zile. Kuna mtumbwi ulikuwa katikati, mdogo kama punje ya mtama, na ndio ulionifanya nielewe kwamba ukuta ule ni maji. Nikaketi chini barabarani. Nilitaka kulia, ila badala yake nikakasirika. Nilifikiria wanaume wale wote waliokuwa wakipita hapa miaka na miaka, wakarudi wakakaa kwenye mabenchi yetu, na kati ya maneno yao yote hakuna hata mmoja aliyetuambia kuhusu hili. Walituambia habari za vifua vyao tu.

Tukaanza kushuka. Mpira wa breki yangu ukaanza kunuka, nikawa natumia kandambili kwenye tairi kama alivyonionyesha Kabula. Njia ilikuwa ya mawe, imekatwa na makorongo ya mvua, na upande mmoja ni bonde. Tulipozunguka kona ya pili tukasikia watu wanahema. Nasema tuliwasikia kabla ya kuwaona, walihema kama mivukuto ya mhunzi. Kisha tukawaona. Ni watu wa baiskeli, kundi zima, wanarudi na mizigo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanda. Walikuwa wanasukuma, wameinama mpaka vipaji vya nyuso vinagusa matenga, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko, hatua tatu halafu jiwe nyuma ya tairi, kupumzika, hatua tatu tena. Mmoja alikuwa amevua shati amelifunga kichwani. Wa mbele kabisa alikuwa Deusi. Mdomo ulikuwa wazi, mate yanamning'inia kidevuni, na mluzi sikuusikia.

Tukasimama. Nao wakasimama. Ndege alilia mahali fulani bondeni.

"Habari za mlima, kaka Deusi?" Kabula akauliza.

"Mmefuata nini huku?"

"Ziwa."

Deusi alifuta kidevu. "Mnyororo wangu umekatika," akasema.

Kabula aliutazama mnyororo. Ulikuwa mzima, umepakwa mafuta. Kisha akaangalia wengine, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho kule chini. "Na ya nyie wote?"

Kijana mmoja wa nyuma akaanza kucheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Sisi tukapita. Tulikuwa tumefika mbali, karibu na minazi michache ya kwanza, Kabula alipofunga breki na kushuka, akalala kwenye majani akicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni. "Mayo!" alikuwa akisema, akimwita mama yake kwa Kisukuma, "mayo wane, wanausukuma! Wote wanausukuma!" Na mimi nilicheka, lakini kitu kingine kilikuwa kinaniingia taratibu. Tulikuwa tumezuiwa si kwa sababu mlima ulitushinda. Tulizuiwa kwa sababu tungeona kwamba uliwashinda na wao.

Ikola tulikaribishwa na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa mchangani. "Nyie mmekuja na nani?" wakatuuliza. Tukasema tumekuja na baiskeli. "Sawa, lakini na nani?" Kabula akarudia, "Na baiskeli." Mama mmoja mjane, Mama Anyesi, akapenda jibu hilo, akatuchukua kwake. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, nyavu zimening'inia juu ya vitanda, na mlango wa nyuma ulifunguka moja kwa moja kwenye maji. Tulikula kuhe, samaki wa ziwa lile, wabichi, waliochemshwa kwa limau na chumvi tu, bila nyanya, bila mawese, na nikagundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nakula kumbukumbu ya samaki. Tulipomwambia kwamba na sisi tungependa kurudi na samaki wa kuuza, Mama Anyesi ndiye aliyetuambia jambo tulilolihitaji. Wanaume wa Mpanda walijuana na wavuvi, hilo lilikuwa kweli, na wavuvi wasingetuuzia sisi kabla yao. Lakini samaki akishatoka majini alikuwa mikononi mwa waanikaji, na waanikaji wote walikuwa wanawake. "Hao wenu hata majina yetu hawayajui," akasema. "Nyie mmeshakula sahani moja na mimi."

Tukarudi na matenga mawili madogo ya samaki wake. Na Kata Pumzi tuliupanda hivi: tuliacha baiskeli moja chini imeegemea mti, tukasukuma nyingine sisi wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka kona, tukaiegemeza, tukashuka kuifuata ya kwanza. Tuliupanda mlima ule mara mbili, na bado hatukuhema kama wale. Wao kila mmoja alisukuma peke yake. Nadhani hakuna aliyethubutu kuomba mkono wa mwenzake.

Siku chache baadaye Deusi alikuja mlango wa jikoni. Tulikuwa tunamenya mihogo. Hakuingia, aliegemea kizingiti, na kwa mara ya kwanza alituita kwa majina. "Nyie mmeona mlichoona," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi si mtu mbaya. Mkinyamaza, mtakwenda na sisi. Nitawatambulisha kwa wavuvi, nitawapa watu wa kuwasindikiza. Mkisema, barabara ile mtaiona ndefu."

Mimi ningekubali. Nililiona kama jambo jema, mtu mkubwa amekuja mpaka kwetu. Kabula aliendelea kumenya. "Tutafikiri, kaka," akasema. Alipoondoka nikamuuliza tunafikiri nini. "Anataka kutupa ruhusa," Kabula akajibu. "Sisi tumeshakwenda. Ruhusa ya nini?"

Kesho yake kulikuwa na treni. Chumba kimejaa, abiria wamesimama na sahani mikononi. Deusi alikuwa meza ya katikati, na nadhani alitaka kujua msimamo wetu, kwa sababu alianza hadithi ile ile na macho yake yakiwa kwetu. Kata Pumzi, mzigo, kukanyaga toka chini mpaka juu. Abiria mmoja mgeni akasema, "Acha bwana! Bila kushuka?" Deusi akasema bila kushuka. Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Nilimwona Kabula akitua sahani ya mtu taratibu, kama siku ile ya kwanza.

"Kaka Deusi," akasema, si kwa kelele, ila kwa namna ambayo chumba kizima kilisikia. "Tulipokutana pale mlimani, ulikuwa umepanda au ulikuwa unasukuma?"

Nani alicheka kwanza sijui. Nadhani ni yule yule kijana wa kikohozi. Kicheko kilizunguka chumba, kikatoka nje, abiria waliokuwa dirishani wakauliza kuna nini, wakaelezwa, wakacheka na wao. Deusi alisimama, sahani ikaanguka, mchuzi ukamwagika kwenye plastiki ya maua. Akamwambia Mama Jeni kwamba kundi lake halitakula tena hapa wala kuleta samaki mpaka wanawake hawa wawili watoke. Mama Jeni alisubiri treni iondoke, akatuita nyuma. "Mlichosema ni kweli," akasema. "Lakini wateja ni wao." Akatufukuza. Simlaumu. Alikuwa na watoto wa kulisha, naye hakusema uongo, jambo ambalo si dogo.

Gaspari alirudi kutoka Ugalla wiki hiyo hiyo. Nilipoingia chumbani nilisikia harufu ya asali na moshi kabla ya kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, mikono imevimba kwa kuumwa na nyuki, na baiskeli yake iko mbele yake, imechubuka rangi, na tope la ziwa kwenye spoki. Adela alikuwa kwenye kigoda chake. Gaspari hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye mchubuko mmoja, akauliza, "Umekwenda nayo mpaka wapi?"

"Ikola."

Aliinua macho. Kwa kitambo kidogo niliona kwamba anataka kuniuliza kukoje, maana na yeye hakuwahi kufika. Angeuliza, sijui maisha yangu yangekuwaje. Lakini Adela akakohoa, naye akashusha macho. "Mama anasema utulie nyumbani," akasema. "Na mimi nasema hivyo. Watu wanasema mke wa Gaspari anazurura na baiskeli."

"Ni kweli wanachosema. Mke wa Gaspari anaendesha baiskeli. Kuna ubaya gani, wewe ukiwa ndiye Gaspari?"

"Chagua," akasema. Alisema kwa upole, ndiyo maana neno lile liliniuma.

Nikakunja nguo zangu kwenye kanga. Suruali yake niliivua nikaiweka kitandani, imekunjwa. Baiskeli sikuigusa, ilikuwa yake. Nikatoka kwa miguu, jua linazama, mpaka nyumbani kwao Kabula. Alikuwa anakamua ng'ombe. Alinipa ndoo ya pili.

Kwa hiyo msimu wote wa kiangazi mwaka ule tulikuwa wanawake wawili na baiskeli moja, ile ya kaka yake Kabula. Mmoja alikanyaga, mwingine alikaa kwenye keria, tukabadilishana; wakati wa kurudi keria ilikuwa ya samaki, kwa hiyo mmoja aliendesha na mwingine alitembea na kukimbia, tukabadilishana tena. Miguu yangu ikawa migumu kama mipini ya jembe. Kundi la Deusi lilitupita barabarani bila salamu. Kuna mtu alitutobolea tairi Kabungu, mara mbili, tukaziba mara mbili. Mizigo yetu midogo tuliiuza wenyewe sokoni, akina mama wakaja kwetu kwa sababu hatukuwasimulia habari za vifua. Baadaye mwanamke mmoja wa Katumba, wa wale wakimbizi waliotoka Burundi, akaomba kuja na baiskeli yake. Kisha mwingine. Tukawa tunasikika kabla ya kuonekana, maana tuliimba, na kuimba kwetu hakukuwahi kuwa kuzuri.

Mwisho wa kiangazi, mawingu yameanza kukusanyika juu ya ziwa, mimi na Kabula tulikuwa tunarudi peke yetu. Mahali mlima unapoanza tuliona baiskeli imelala njiani na mzigo wake, na kandoni, kwenye kivuli cha jiwe, Deusi amejikunja. Anatetemeka mpaka meno yanagongana, ingawa mawe yalikuwa ya moto. Malaria. Wenzake walikuwa wametangulia tangu asubuhi. Alikuwa amewaambia waende, atawafikia. Alipotuona alifumba macho. Sijui alifikiri tutafanya nini. Kwa kweli hata mimi nilijiuliza.

Kabula alimshika paji la uso. "Huyu hatafika jioni," akasema. Zahanati ya karibu ilikuwa juu, kijiji cha kwanza baada ya mlima. Tukafungua matenga yetu, tukayasukumia vichakani pamoja na ya kwake. Tukamwinua, tukamkalisha kwenye keria, na Kabula akavua kanga akamfunga kiunoni, akaipitisha kwenye tandiko, kama mama anavyofunga mtoto mgongoni. Alijaribu kukataa. "Niacheni nitembee," akasema. Kabula akamwambia anyamaze, atapoteza pumzi. Mimi nikashika nyuma, yeye akashika usukani, tukaanza. Alikuwa mzito kuliko tenga lolote. Hatua tatu, jiwe, hatua tatu. Kwenye kona ya pili alianza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakishuka huku kichwa chake kimelala kwenye tandiko. Sikumwonea huruma sana. Nilikuwa nahema.

Juu tulipumzika. Nyuma yetu ziwa lilikuwa limesimama, na mvua ya kwanza inatembea juu yake kutoka upande wa Zaire. Kabula alimnywesha maji kwa kiganja. Homa ilimwachia kidogo, akafumbua macho, akaangalia njia tuliyopanda, akatuangalia sisi, na nikaona akielewa kwamba miaka yote ile ya kusimulia, leo ndiyo siku yake ya kwanza kuupanda Kata Pumzi bila kushuka kwenye baiskeli.

"Mtasema?" akauliza.

Kabula alikuwa anakaza fundo la kanga kiunoni mwake, kwa uangalifu, asimwumize. "Tutasema, kaka," akajibu. "Kwanza upone, ili na wewe uwepo."

Alipona. Matenga yetu tuliyakuta fisi wameyamaliza, na yake pia. Na tulisema. Tulisema stesheni, tukasema sokoni, tukasema kisimani, yeye akiwepo na asipokuwepo, na ninasema tena hapa.